Bosi alinipa vichezeo vya wanawe, sasa mlinzi ataka chai

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muyeye hapa Malindi. Nafanya kazi ya usafi katika nyumba ya Waitaliano upande wa Casuarina. Wenyewe huja msimu wa Desemba hadi Machi, na Agosti kidogo. Miezi mingine tunabaki mimi, mtunza bustani na mlinzi.

Mwaka jana, kabla hawajaondoka, signora, mama mwenye nyumba, alinifungulia kabati la watoto wake, ambao sasa ni vijana wenye ndevu, akaniambia nichukue vyote. Kulikuwa na magari madogo ya chuma, wanasesere, ndoo nzima ya Lego, na vile vidude vinavyotoka ndani ya mayai ya chokoleti. Wanangu walichagua vichache, vingine nikavipiga picha nikaweka kwenye status ya WhatsApp. Vilikwisha kabla ya Isha. Nikaona hapa pana riziki.

Zamu yangu ya chama ilipofika, nikaagiza bale la vichezeo vya mtumba kutoka Mombasa kwa shilingi 18,000, na 800 za kulileta kwa matatu. Nilipolifungua nilihesabu vipande kama 240, lakini kama 80 vilikuwa vibovu kabisa: roboti bila miguu, magari bila magurudumu. Wikendi natandika turubai karibu na soko. Watu wanajaa, Shangazi! Nauza hamsini hamsini, vizuri zaidi ni mia. Bale limekwisha, lakini nikihesabu pesa hazifiki hata nilizotoa. Sijui zimepotelea wapi. Mume wangu, ambaye ni dereva wa tuktuk, asema nimeigeuza nyumba kuwa jaa la taka na kwamba mtu mzima hashindi akiuza midoli.

Lililoniuma zaidi ni hili. Kuna mzee wa Kiitaliano aliyehamia hapa zamani, huja turubaini kwangu, huinama, hugeuza kila gari na kutazama chini yake. Alinunua gari moja dogo la Matchbox kwa shilingi 200, hata hakuomba nipunguze. Baadaye kijana anayemfanyia kazi akaniambia mzee kaliuza kwao kwa yuro 100. Hizo ni kama elfu kumi na tano! Tangu siku hiyo nimewakataza wanangu kugusa kitu chochote cha biashara, maana sijui kipi ni dhahabu. Mdogo wao akaniuliza, "Mama, chetu ni kipi?" Nikakosa la kumjibu.

Mzee huyo pia aliona kwa mama mkwe wangu sarafu ya zamani ya shaba yenye picha ya mizani, na riale moja kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780. Asema atazinunua zote mbili bei nzuri.

Halafu kuna mlinzi. Ameniona nikiuza, na sasa asema nisipompa chai kila mwisho wa mwezi atampigia signora amwambie ninaiba vitu vya nyumba.

Swali langu kubwa ni hili: programu ya mkopo kwenye simu yanipa shilingi 40,000, nirudishe 43,000 baada ya mwezi. Niagize bale mbili kwa mpigo, niache kazi ya usafi, niingie biasharani kabisa?

Mama wa Muyeye

—

Marahaba, mwanangu.

Swali lako kubwa umeliweka mwisho, lakini lenye haraka ni la mlinzi, kwa hiyo nitaanza naye.

Usimpe hata shilingi. Ukimpa mara moja umekiri kosa ambalo hukulifanya, na mwezi ujao bei itapanda. Badala yake, leo hii, kabla hujalala, mwandikie signora ujumbe kwenye WhatsApp. Usimtaje mlinzi, usilalamike, usijitetee. Andika hivi: "Signora, habari za huko. Nakushukuru tena kwa vichezeo vya watoto ulivyonipa kutoka kabatini. Baadhi wanangu wanachezea, vingine nimeviuza, pesa imenisaidia ada ya shule. Natumaini haina neno." Akijibu, piga picha ya skrini uihifadhi mahali pasipofutika. Mlinzi akipiga simu baada ya hapo atakuwa anapeleka habari iliyokwisha fika.

Huenda signora akajibu kwamba alitaka wanao wachezee, hakujua utauza. Basi mwambie umesikia, na vilivyobaki usiviuze. Hata ukipoteza elfu mbili tatu hapo, umebaki na kazi na jina lako. Casuarina yote ni mji mmoja: wenye nyumba wanakunywa kahawa pamoja, na mfanyakazi akisemwa vibaya kwenye meza moja huwa amesemwa kwenye meza zote. Kuanzia sasa usitoe kitu getini, hata kilichotupwa kwenye pipa, bila ujumbe wa maandishi. Katika nyumba ya mtu hata taka ni zake mpaka aseme si zake.

Sasa tuhesabu, maana pesa zako hazikupotea popote. Umetoa 18,000 na 800, jumla 18,800. Vipande 240, toa vibovu 80, umebaki na 160. Gawa. Kila kipande kizima kimekugharimu karibu shilingi 118 kabla hujanunua hata maji ya kunywa pale turubaini. Ukimuuzia mtu kwa hamsini, umemlipa shilingi 68 akichukue kichezeo chako. Ndiyo maana walijaa! Mimi pia ningekuja.

Dawa si kupandisha kila kitu hadi 150. Hapo Muyeye na Maweni watakuacha na turubai lako. Fanya wafanyavyo wauza nguo. Siku ya kufungua bale, kabla jirani hajatia mkono, toa kamera kwanza, yaani vya daraja la kwanza: vizima, visafi, vyenye sehemu zote. Tuseme unapata 30. Hivyo usivitandike chini. Vipige picha moja moja, viuze kwenye simu kwa 300. Hiyo ni 9,000. Vya wastani 80 viuze 120, upate 9,600. Fagia, yaani mabaki, vile 50 vya mwisho, ndivyo vya hamsini: 2,500. Jumla 21,100. Toa gharama, umebaki na 2,300.

Tazama hiyo hesabu vizuri. Nimekupa bale zuri na wateja wasiobishana, nikaacha nje ushuru wa soko na nauli zako, na bado faida ni 2,300 kwa wikendi za mwezi mzima. Bale mbili kwa mkopo zitakupa 4,600. Riba ya simu itachukua 3,000. Utabaki na 1,600, endapo zote mbili zitakwisha ndani ya mwezi. Nazo hazitakwisha. Watoto wa Muyeye ni wale wale, na mama zao wameshanunua. Kwa hiyo mkopo, hapana. Na kuacha kazi, hapana tena, kwa sababu ambayo nadhani hukuiona: faida yako ya kweli haikutoka kwenye bale hata kidogo, ilitoka kwenye lile kabati. Vile hukuvilipia. Kazi unayotaka kuiacha ndiyo iliyokuingiza ndani ya nyumba zenye makabati.

Ningekuwa wewe ningepunguza bale na kuongeza makabati. Kuna nyumba nyingi kati ya Casuarina na Watamu ambazo watoto wamekua au wenyewe wanauza wanarudi kwao. Mwezi wa tatu na wa nne, masika yanapoingia, watu wanafunga nyumba na hawajui wapeleke wapi vitu. Waambie wenzako wanaofanya usafi kwamba wewe wanunua sanduku zima la vichezeo, walipa papo hapo kwa M-Pesa, na wataka ujumbe mmoja tu kutoka kwa mwenye nyumba. Mwenzako aliyekuletea habari mpe kitu kidogo. Bale liwe la kujazia, mara mbili kwa mwaka: moja kabla ya Krismasi na moja kabla ya Idd. Kumbuka Idd inasogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, usije ukaagiza kwa kalenda ya mwaka jana ukakuta watoto wamekwisha pewa sikukuu yao na imekwisha liwa.

Haya, twende kwa mzee wako. Mwanangu, hakukuibia. Uliweka bei, akalipa, hakukuomba hata upunguze. Zile 14,800 ni malipo ya kujua. Alijua kugeuza gari na kusoma tumbo lake, nawe hujui bado. Kumkasirikia ni kumfukuza mteja pekee Malindi nzima anayeweza kukufundisha bure.

Jifunze hivi. Magari ya Matchbox yaliyoandikwa Lesney na England (Uingereza) chini yake ni ya kampuni ya kwanza, iliyofilisika mwaka 1982. Baada ya hapo utakuta Macau, China, Thailand. Hot Wheels zilianza 1968, na zile za mwanzo, hadi mwaka 1977, zilikuwa na mstari mwekundu kwenye tairi. Hizo ndizo wazee huinamia. Burago, magari madogo pia, zilizotengenezwa Italia zina wapenzi wake, hasa hapa kwetu ambako nusu ya wanunuzi walizichezea utotoni. Kampuni ile ya Italia ilikufa mwaka 2005, jina likanunuliwa, na zinazotoka sasa ni za China. Vidude vya mayai ya chokoleti ya Kinder vilianzia Italia mwaka 1974, na wanaovikusanya hutaka pia kile kikaratasi kilichokuwa ndani, kwa hiyo usikitupe. Lego usiiuze kwa ndoo bila kutazama: ya kweli ina jina lake juu ya kila kinundu, na tofali la 1958 bado linashikana na la leo, ndiyo maana hata moja moja huuzika.

Jihadhari na mwaka ulioandikwa kwenye kitu. Ukiona Barbie mwenye 1966 mgongoni usikimbie benki. Huo ni mwaka wa haki za umbo la mwili, na uliendelea kupigwa kwenye wanasesere kwa miongo mingi baadaye. Magari nayo ni hivyo hivyo: mwaka wa tumboni mara nyingi ni wa kalibu, si wa gari lenyewe. Na ukitaka kujua bei, fungua eBay, soko la mtandaoni, lakini tazama vilivyouzwa, siyo vinavyoombwa. Kuomba ni bure, mtu anaweza kuomba milioni kwa kijiko.

Usisafishe kamera kwa Jik wala kwa mchanga, na tafadhali usipake rangi mpya ukidhani wapendezesha. Rangi ya asili iliyochubuka ina thamani kuliko mpya uliyopaka wewe. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo chatosha, kisha kikauke sawasawa, maana hewa yetu ya chumvi inakula ekseli ndani ya msimu mmoja. Weka kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na dirisha. Jua nalo hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano. Sanduku la karatasi, hata lililochanika, lihifadhi pamoja na gari lake.

Sasa shika daftari. Hili ndilo ninalokutaka ufanye hata kama utapuuza mengine yote. Kila kilichoingia kwako kiandikwe: kimetoka kwa nani, lini, kwa shilingi ngapi, na siku kilipotoka, kwa shilingi ngapi, kwa nani. Mlinzi akisema umeiba, daftari lasema signora, tarehe kadhaa. Bale likiisha, daftari lakuambia pesa ziko wapi. Mzee akiuliza gari limetoka wapi, waweza kumjibu kwamba ni la nyumba moja, la mtoto mmoja, halikupita sokoni. Na wakusanyaji hulipia habari hiyo, kwa sababu vitu vya kughushi viko tele.

Mume wako pia mwoneshe daftari, usibishane naye kwa mdomo. Jaa la taka ni neno kali, lakini kama ndoo ziko kitandani ana haki yake ya kusema. Tafuta kona moja ya nyumba, iwe na mwisho. Kisha umpe kazi: ukiuza kitu kwa simu Shela au Barani, yeye ndiye apeleke, na umlipe kama mteja mwingine, iandikwe. Wanaume wengi huacha kuita jambo mchezo siku linapowanunulia mafuta.

Kuna jambo hukuliuliza na mimi siwezi kuliacha. Kabla ya kuuza kichezeo chochote kwa mtoto, fungua mahali pa betri. Vile vibetri vya duara kama vya saa vikimezwa vyaweza kuunguza koo la mtoto vibaya ndani ya saa mbili. Kama kifuniko hakina skrubu, toa betri, au usiuze. Hivyo hivyo sumaku ndogo zinazochomoka. Na magari ya zamani sana, ya miaka ya sitini na sabini, wauzie watu wazima tu, kwa sababu rangi za siku hizo mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni.

Mwanao aliuliza chao ni kipi. Mjibu kwa vitendo. Kila bale likifunguliwa, ukishatoa kamera, kila mtoto achague kimoja kabla ya bei kuwekwa, na kikichaguliwa hakirudi mezani hata aje mnunuzi na yuro mkononi. Viandike daftarini, vitatu, kwa gharama ya 118 kila kimoja: shilingi 354. Utakuwa unajua bei yake, na wao watakuwa na ruhusa ya kuvunja.

Kuhusu sarafu, nasema wazi: usiziuze, na usiwe dalali wake. Sarafu za shaba zenye mizani zilizotumika pwani hii mara nyingi ni za Zanzibar za Sultan Barghash, kama zile za mwaka 1299 Hijria, ambao ni kama 1882, au za Mombasa za mwaka 1888, wakati wa kampuni ya Waingereza. Iwe ipi kati ya hizo, imetangulia 1895. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukifanyia biashara au kukitoa nje ya nchi kwataka kibali. Mzee akikamatwa nayo uwanja wa ndege ataulizwa aliipata wapi, naye atataja turubai lako. Riale ni kesi nyingine kidogo, kwa sababu zile zenye sura ya mwanamke, Maria Theresa, malkia wa Austria, zilizopigwa baada ya kifo chake zote zimeandikwa 1780, hata za karne ya ishirini. Waitaliano wenyewe walizipiga Roma miaka ya thelathini kwa ajili ya vita vya Ethiopia. Inaweza kuwa ya kale, inaweza kuwa na umri wa mama mkwe. Mpaka ijulikane, itendewe kama ya kale. Na akija mtu na bangili ya pembe ya ndovu au gamba la kasa akitaka umuuzie, huyo mfukuze kabisa, hilo halina kibali cha kutafuta.

Zaidi ya sheria, sarafu zile si zako wala za mumeo. Ni za mama mkwe, na katika barua yako sikuona mahali ulipomuuliza anataka nini. Akitaka kujua ni nini hasa alicho nacho, mpeleke Makumbusho ya Taifa hapo hapo mjini, aende nazo mwenyewe, azioneshe, arudi nazo mkobani. Mzee akikuuliza tena mwambie sarafu haziuzwi, lakini Jumamosi una magari mapya, na bei zimebadilika.

Shangazi